Foleni inayolala bila wa kuiamsha: uhakiki wa kiraka cha draiva ya kadi ya mtandao, Mwanza

Rauta ya kisa hiki ni ubao wa ARM wa biti 64 wenye prosesa nne, umefungwa kwenye kabati la chuma chini ya mnara mmoja wilayani Ilemela. Upande mmoja unaingia waya wa faiba kutoka mjini. Upande wa pili, kupitia kadi ya PCIe ya gigabiti 1, unalisha redio zinazovusha mtandao juu ya ziwa hadi Nansio, Ukerewe. Mfumo ni Linux. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, iliandikwa na muuzaji na haimo kwenye kerneli rasmi (kiini cha mfumo). Humu tutaiita `ziwanet`.

Mitumbwi ya dagaa ikirudi kutoka majini, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, watu wa Mwaloni Kirumba na mawakala wa visiwani wanaulizana bei na kutumiana malipo kwa simu. Trafiki hiyo si nzito kwa baiti. Uzito wake ni wingi wa pakiti, nyingi zikiwa ndogo sana. Na ni saa hizo hizo laini ya Ukerewe ilikuwa ikiganda kwa sekunde kadhaa, kisha inarudi yenyewe.

Logi ya kerneli ilikuwa na mstari mmoja wenye maana: `NETDEV WATCHDOG`, wenye maneno `transmit queue 0 timed out`. Draiva isipoweka muda wake, mlinzi huyo wa kerneli husubiri sekunde 5 tangu pakiti ya mwisho kutumwa huku foleni ya kutuma ikiwa imesimama (yaani draiva imeiambia kerneli isilete pakiti zaidi), ndipo aite `ndo_tx_timeout` ili draiva iwashe kadi upya. Wakati wa kuganda, `tcpdump`, inayonasa pakiti, ilionyesha maombi ya ARP (ya kuuliza anwani ya kadi) yanaingia lakini majibu hayatoki, na `tc -s qdisc show dev eth1` ilionyesha mrundikano wa pakiti zinazongoja kutumwa unapanda (`eth1` ndiyo kadi hiyo). Maana yake kupokea kunafanya kazi na kutuma kumelala. Ushahidi huo peke yake unapunguza msimbo wa kusoma kwa nusu.

Kiraka kilivyoletwa

Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo wa draiva, kilikuwa na mabadiliko matatu ndani ya kipande kimoja. Ringi ya kutuma, orodha ya mviringo ya deskripta ambazo kila moja inaionyesha kadi kipande cha pakiti kilipo na urefu wake, imepanuliwa kutoka deskripta 64 hadi 512. Imeongezwa taima ya milisekunde 10 inayoita `netif_wake_queue()`. Na ujumbe wa onyo ndani ya `ndo_tx_timeout` umeondolewa "usijaze logi". Maelezo yalikuwa sentensi moja: kimejaribiwa kwa `iperf3`, programu ya kupima kasi, kutwa nzima, kasi ni megabiti 940 kwa sekunde, hakuna kuganda.

Mhakiki hakuanza na mtindo wa kuandika wala majina ya vigeu. Aliuliza hivi:

"Kaka, nieleze mfuatano. Nani alisimamisha foleni, nani alipaswa kuiamsha, na kwa nini hakuiamsha?"

"Mkuu, ringi ilikuwa inajaa. Sasa haijai."

"Kujaa si kosa, kila ringi hujaa. Kosa ni kujaa, kisha ikapata nafasi, na bado isiamke."

Hapo ndipo uhakiki wenyewe ulipoanza. Kiraka cha draiva kisichoeleza mfuatano wa matukio kati ya prosesa na kadi hakijaeleza chochote, hata kama majaribio yamepita.

Kwa nini iperf3 haikuona kitu

Hesabu hii inafaa kufanywa kwa utulivu, kwa sababu inaeleza ugonjwa na pia inaeleza kwa nini dawa isiyo sahihi ilionekana kufanya kazi.

Kwenye gigabiti 1, fremu kubwa ya Etheneti ya baiti 1518 inachukua mikrosekunde 12.3 kupita kwenye waya, ukihesabu na baiti 20 za utangulizi na mwachano. Fremu ndogo kabisa, ya baiti 64, inachukua mikrosekunde 0.672. Draiva husimamisha foleni nafasi zikibaki chini ya 18, yaani `MAX_SKB_FRAGS + 1`, kwa kuwa pakiti moja inaweza kuhitaji deskripta zote hizo. Kwa ringi ya 64, foleni inasimama deskripta 47 zikiwa zimeshikwa. Kadi nayo, ili isiisumbue prosesa, ilipangwa kuchelewesha interapti (ishara ya kuishtua prosesa) ya "nimemaliza kutuma" kwa mikrosekunde 200.

Sasa linganisha. Pakiti 47 kubwa zinahitaji mikrosekunde 578 kutoka. Interapti inapofika baada ya 200, sehemu tu ya ringi imetumwa. Zilizobaki zitaleta interapti nyingine. Pakiti 47 ndogo zinahitaji mikrosekunde 32. Interapti inapofika zote zimeshaondoka, na mzunguko mmoja wa usafishaji, yaani draiva kukusanya deskripta zilizokwisha tumwa, unazifagia zote. Baada ya hapo hakuna kitu njiani, kwa hiyo hakuna interapti nyingine ya kutuma itakayokuja.

`iperf3` ya TCP inajaza waya kwa fremu kubwa. Ilikuwa inapima hali ambayo ugonjwa huu hauwezi kutokea.

Ringi ikiwa 512, foleni husimama ikiwa na deskripta 495, ambazo hata zikiwa ndogo zinahitaji mikrosekunde 333. Ndiyo maana kuganda kulipotea machoni. Lakini siku prosesa inayosafisha itakapochelewa milisekunde moja kwa kazi nyingine, ringi nzima itakuwa imetumwa kabla ya kusafishwa, na tunarudi pale pale, safari hii kwa nadra kiasi kwamba hakuna atakayeweza kurudia tukio.

Mpishano wenyewe

Mwisho wa kazi ya kutuma, draiva ya awali ilikuwa hivi:

```
if (tx_free(r) < MAX_SKB_FRAGS + 1)
        netif_stop_queue(dev);
```

Na mwisho wa usafishaji, ndani ya `poll` ya NAPI (utaratibu wa kerneli wa kuihudumia kadi kwa mizunguko, kupokea na kusafisha pamoja):

```
if (cleaned && netif_queue_stopped(dev))
        netif_wake_queue(dev);
```

Prosesa 2 inatuma. Inahesabu nafasi, inapata 17, inaamua kusimamisha. Kabla haijaandika uamuzi huo, prosesa 0 inasafisha deskripta zote 47, inauliza "foleni imesimama?", inajibiwa hapana, inaondoka. Ndipo prosesa 2 inasimamisha foleni. Ringi ni tupu, foleni imelala, na aliyepaswa kuiamsha ameshapita.

Mtu atauliza: pakiti zinazoingia si zinaita `poll` hiyo hiyo? Zinaiita. Lakini tazama `cleaned`. Mizunguko inayofuata haina cha kusafisha, kwa hiyo `cleaned` ni sifuri na swali la pili haliulizwi kabisa. Hii ndiyo sababu ARP zilionekana zikiingia sekunde zote hizo bila kuiamsha foleni. Kuondoa `cleaned` pekee kungepunguza tatizo kwenye rauta hii kwa bahati ya kuwa na trafiki ya kuingia; kwenye mashine inayotuma tu lingebaki.

Dawa ni kila upande kuandika lake kwanza, kisha kutazama la mwenzake, na kizuizi cha kumbukumbu katikati, amri inayokataza kusoma na kuandika kupishana:

```
if (tx_free(r) < MAX_SKB_FRAGS + 1) {
        netif_stop_queue(dev);
        smp_mb();
        if (tx_free(r) >= MAX_SKB_FRAGS + 1)
                netif_start_queue(dev);
}
```

Upande wa usafishaji: andika kiashiria kipya cha ringi, `smp_mb()`, kisha uliza kama foleni imesimama na nafasi zimefika kizingiti cha kuamsha. Kizingiti hicho kiwe juu kuliko cha kusimamisha, tuseme mara mbili, la sivyo foleni itasimama na kuamka kwa kila pakiti.

Usimkubalie anayesema kizuizi hiki ni cha ARM tu. Hata x86, prosesa ya kompyuta nyingi za mezani, inaruhusu kusoma kutangulie kuandika kulikokuja kabla yake, na hapa ni kuandika kunakofuatwa na kusoma, pande zote mbili. Kuanzia kerneli 6.4, ya 2023, faili `include/net/netdev_queues.h` lina `netif_txq_maybe_stop()` na `netif_txq_completed_wake()` zinazofanya haya yote. Draiva mpya izitumie hizo. Watu wengi mno wameandika msimbo huu kwa mkono na kukosea mahali pale pale.

Taima

Hii ndiyo sehemu iliyofanya kiraka kikataliwe, si kurekebishwa tu. Taima iliamsha foleni kila milisekunde 10 bila kuuliza kama kuna nafasi, na `ziwanet` haikuwa na ukaguzi wa nafasi mwanzoni mwa kazi ya kutuma.

Hali ya hewa ikibadilika ziwani, redio hupunguza kasi, na bafa yake (kumbukumbu ya muda ya pakiti) ikijaa hutuma fremu za kusitisha kuelekea kwenye kadi. Kadi inatii: inaacha kutuma, na ringi inabaki imeshikwa kihalali. Taima inalia, foleni inaamka, pakiti moja inaingizwa, foleni inasimama tena. Baada ya milisekunde 10, nyingine. Nafasi 17 zilizobaki zinaisha ndani ya milisekunde 170 kadi ikiendelea kusitishwa, na pakiti inayofuata inaandikwa juu ya deskripta ambayo bado ni ya kadi. Kielekezi cha pakiti ya zamani kinapotea, bafa yake haitaachiliwa kamwe, na kadi inaweza kusoma anwani ya pakiti moja na urefu wa nyingine. Upana wa ringi hausaidii hapa: iwe 64 au 512, nafasi za akiba ni zile zile 17.

Juu ya hayo, taima haikuzimwa kwenye `ndo_stop`, kazi inayoitwa kadi inapozimwa. Ukishusha kiolesura, inaendelea kulia. Ukiondoa moduli, inaita msimbo usiokuwepo. Mahali taima inapohitajika kweli, `timer_delete_sync()` lazima ije kabla ya kuachilia chochote inachokigusa.

Na onyo la `ndo_tx_timeout` lirudishwe. Ni ushahidi pekee anaobaki nao fundi aliye mbali na mashine.

Ya nani kwa sasa?

Baada ya hapo mhakiki alisoma kazi yote ya kutuma mstari kwa mstari kwa swali moja: kipande hiki cha kumbukumbu, kwa wakati huu, ni cha prosesa au cha kadi? Ni kama gunia la dagaa mzanini: likishapimwa na kukabidhiwa, aliyeuza haingizi tena mkono ndani. Swali hilo lilitoa makosa matatu ambayo hayakuhusiana na kuganda, na mawili kati yake yalikuwa mabaya kuliko kuganda.

La kwanza ni mpangilio wa kuandika deskripta. `ziwanet` iliandika bendera ya umiliki (inayosema deskripta sasa ni ya kadi), kisha anwani, kisha urefu. Mwandishi alijitetea kwamba `writel()` ya kupiga kengele ya kadi ina kizuizi ndani yake. Ni kweli inacho, lakini kadi hii haingoji kengele ikiwa tayari inafanya kazi: ikimaliza deskripta moja inatazama inayofuata, na ikikuta bendera inaichukua. Kwa hiyo bendera iandikwe mwisho:

```
d->addr  = cpu_to_le64(dma);
d->len   = cpu_to_le16(len);
dma_wmb();
d->flags = cpu_to_le32(DESC_OWN | DESC_LAST);
```

Pakiti ikiwa na vipande vingi, bendera ya deskripta ya kwanza ndiyo ya mwisho kabisa kuandikwa, baada ya nyingine zote, ili kadi isianze pakiti iliyo nusu. Kwenye x86 `dma_wmb()` inamzuia kompaila tu, kwa sababu prosesa yenyewe haipangui maandishi yake. Kwa hiyo kupanga mistari vizuri kungetosha hapo, na draiva iliyojaribiwa kwenye kompyuta ya mezani pekee inaweza kuonekana nzima. Kwenye ARM, mistari ikiwa imepangwa vizuri lakini bila kizuizi, bado inaweza kupinduka. Upande wa kusoma nao una deni lake: ukishaona bendera imerudi kwako, weka `dma_rmb()` kabla ya kusoma urefu au hali.

La pili ni njia ya kushindwa. `dma_map_single()`, inayoiandalia kadi anwani ya kusoma pakiti, ikishindwa, draiva iliachilia pakiti kwa `dev_kfree_skb_any()` kisha ikarudisha `NETDEV_TX_BUSY`. Jibu hilo linaiambia kerneli "sijaigusa, nirudishie baadaye", na kerneli itairudisha pakiti ambayo kumbukumbu yake imeshagawiwa mtu mwingine. Ukiitupa pakiti, rudisha `NETDEV_TX_OK` na uongeze kihesabu cha zilizotupwa. Na ikiwa kipande cha tatu ndicho kilichoshindwa, viwili vya kwanza vinahitaji `dma_unmap` kabla ya kutoka.

La tatu linagusa siri za watu. Fremu ya Etheneti haipaswi kuwa chini ya baiti 60 kabla ya baiti 4 za ukaguzi. ARP ni baiti 42, kwa hiyo inahitaji baiti 18 za kujazia. `ziwanet` ilibadilisha urefu kuwa 60 bila kusafisha baiti hizo, hivyo kila ARP iliyotoka ilibeba vipande vya chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu hiyo kabla, kikiwemo kipande cha pakiti ya mteja mwingine. Kosa la aina hii lilitangazwa mwaka 2003 kwa namba CVE-2003-0001, likikutwa kwenye draiva nyingi, na bado linarudi kwenye msimbo mpya. Dawa ni `eth_skb_pad(skb)` mwanzoni. Ikishindwa huwa imeshaachilia pakiti yenyewe, kwa hiyo usiiachilie tena, rudisha `NETDEV_TX_OK`.

Madogo yalipitishwa haraka: kuwasha kadi upya moja kwa moja ndani ya `ndo_tx_timeout`, mahali pasiporuhusu kulala, badala ya kukabidhi kwa `schedule_work()`; namba 18 iliyoandikwa kwa mkono kwingine kwenye draiva badala ya `MAX_SKB_FRAGS + 1`, wakati thamani hiyo hubadilika kulingana na kerneli na mipangilio yake; na vigeu vya `u32` mahali pa `__le32`, ambavyo `make C=1` yenye sparse (kikagua msimbo) huvionyesha mara moja.

Jaribio linalostahili kuaminiwa

Mhakiki hakuomba "jaribu tena". Aliomba kosa lionekane kwanza kwenye draiva ya zamani, ndipo kiraka kithibitishwe. Hatua zilikuwa hizi, kwenye ubao wa pili ulioko mezani na si ule wa mnarani.

Weka ringi kwa `ethtool -G eth1 tx 64` na ucheleweshaji kwa `ethtool -C eth1 tx-usecs 200`. Funga interapti ya kadi kwenye prosesa 0 kupitia `/proc/irq/`, faili la `smp_affinity`, na endesha `pktgen`, kizalisha pakiti cha kerneli, kwenye prosesa 2 ikiwa na `pkt_size 60`. Kisha panua dirisha: weka `udelay(300)` kati ya kuhesabu nafasi na `netif_stop_queue()`. Mikrosekunde 300 ni zaidi ya 200 za interapti, kwa hiyo usafishaji utapita katikati karibu kila mara. Draiva ya zamani hulala papo hapo. Yenye kiraka sahihi haipaswi kulala hata ikiwa na `udelay` hiyo ndani yake, na hicho ndicho kipimo. Bila kupanua dirisha, kutwa nzima ya ukimya haithibitishi kitu.

Mzunguko wa pili ni wa kerneli iliyojengwa na `CONFIG_DMA_API_DEBUG`, `CONFIG_KASAN` na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, vinavyonasa makosa ya DMA, ya kumbukumbu na ya kufuli, ukishusha na kupandisha kiolesura trafiki ikiwa inapita. Kasi itashuka sana. Hilo ni la kawaida na haliripotiwi kama tatizo. Kwa baiti za kujazia, tuma ARP na usome fremu kwenye mashine ya upande wa pili kwa `tcpdump -XX`: baiti 18 za mwisho ziwe sifuri.

Kiraka kimoja kikawa vitano. Kusimama na kuamka kwa foleni, mpangilio wa deskripta, njia ya kushindwa, na kujazia, kila kimoja peke yake kikiwa na mstari wa `Fixes:` unaotaja badiliko lililoleta kosa. Upanuzi wa ringi ulibaki wa mwisho, kama uboreshaji usio na `Fixes:`, na ukatakiwa kuletwa na vipimo vya ucheleweshaji, kwa kuwa ringi ndefu kwenye redio ya polepole huongeza muda wa kusubiri. Kuiweka bila `netdev_tx_sent_queue()` na `netdev_tx_completed_queue()`, zinazoiwezesha kerneli kuwekea kikomo baiti zilizo kwenye ringi, ni kuwaongezea watu wa Nansio kusubiri. Taima haikurudi.

Likabaki suala la ubao wa Nansio, wenye kadi ile ile lakini kerneli ya 5.10. Huko `netdev_queues.h` haipo, kwa hiyo kiraka cha foleni kinapelekwa kikiwa kimeandikwa kwa mkono kama kilivyoonyeshwa juu. Kujazia kunatangulia vyote, kwa sababu kuvuja hakungoji alfajiri. Na kwa kuwa kadi inayobadilishiwa draiva ndiyo njia pekee ya kuingia kwenye ubao huo, kerneli ya zamani ibaki kwenye diski, `panic=10` iwekwe kwenye mstari wa kuwashia, na U-Boot, programu inayoiwasha kerneli, ipangwe `bootlimit` (kikomo cha majaribio ya kuwasha) ya 3 na `altbootcmd` inayorudisha kerneli ya zamani. Kihesabu cha kuwashwa kifutwe tu baada ya hati ya kuanzia kuona `ping` ya kwenda na kurudi Ilemela. Isipoiona ndani ya dakika 5, iwashe upya ubao. Bila sharti hilo, kosa dogo la kujenga moduli linageuka safari ya meli kwenda kisiwani na kebo ya siriali begani.